Kuhama programu ya kodi: masalio kwanza, majina baadaye

Mara ya kwanza nilihama programu ninayoandalia hesabu na kodi za wateja wangu mwezi wa Oktoba, sijui akili nilikuwa nimeiweka wapi. Hapa Mtwara Oktoba ndiyo minada ya korosho inachangamka, na kila mwenye lori, ghala au duka la magunia anataka hesabu zake leoleo. PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 7 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20 nazo hazijali kwamba bado unatafuta kitufe cha kuhifadhi kiko wapi. Basi somo naanzia hapo.

1. Chagua mwezi. Kwangu ni Julai. Wateja wanaofunga hesabu Desemba ritani zao za mwaka (fomu za kodi ya mapato) zinakuwa zimeshakwenda, maana mwisho ni Juni 30.

2. Toa kila kitu kabla leseni ya zamani haijaisha. Ritani, mizania, orodha ya mali, hasara za miaka ya nyuma, vyote kwenye PDF. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano, na programu usiyoilipia inaweza kukuonyesha faili ikakataa kulifungua. Weka kwenye flashi mbili, moja ilale nyumbani.

3. Masalio ya kuanzia, yaani kiasi kilichobaki mwisho wa mwaka uliopita, ingiza kwa mkono. Hapa ndipo nilipoumia. Kampuni moja ilikuwa na pikapu ya shilingi 24,000,000, daraja la 1 la mali kwenye sheria ya kodi, uchakavu (thamani inayopunguzwa kila mwaka) asilimia 37.5 ya salio. Mwaka wa kwanza tulitoa 9,000,000, zikabaki 15,000,000. Mwaka wa pili ilitakiwa itoke 5,625,000. Programu mpya ilibeba bei ya kununulia tu, ikaiona pikapu kama imetoka dukani jana, ikatoa tena 9,000,000. Faida ikapungua kwa 3,375,000, na kodi ya asilimia 30 ikapungua kwa 1,012,500. Mteja alifurahi sana! Nilipomwambia ukweli, alininunia hadi Idi.

Kwa hiyo, mali kwa mali, andika salio la mwisho wa mwaka uliopita, si bei. Hasara za nyuma vilevile.

4. Kagua tarehe. Programu nyingine husoma mwezi kwanza. Ankara ya 5/8 ya Agosti inaruka hadi Mei, kwenye ritani uliyokwisha kuiwasilisha. Ile ya 25/8 inakataliwa, na afadhali hiyo, angalau unaiona.

5. Mwezi mmoja endesha zote mbili, kwa wateja watatu tu. Namba zikitofautiana hata kwa shilingi mia, tafuta sababu kabla ya kuhamisha wengine.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo dada. Muuzaji ananiambia atahamisha kila kitu kwa siku moja. Nimwamini?

Marahaba mdogo wangu. Majina, TIN (namba za mlipakodi) na namba za simu atahamisha, hapo hadanganyi. Mwulize salio la uchakavu la daraja la 1 atalitoa wapi. Akianza kukusifia rangi za skrini, mlipe nusu kwanza.

*Newala:* Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, naendelea nilipoishia?

Hapana, futa uanze upya. Mimi niliendelea, mteja mwenye wafanyakazi saba akawa na kumi na wanne, kila jina mara mbili. Programu ikaanza kumpigia hesabu ya SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri), wakati mwajiri wa watu chini ya kumi haimhusu.

*Lindi mjini:* Nina wateja watano, wote wadogo. Lazima ninunue programu?

Si lazima. Ningekuwa wewe ningebaki na Excel yangu.

*Mikindani:* Na laptopu yenye programu ya zamani, niiuze? Nimepata mtu.

Mwambie huyo mtu asubiri. Yangu iko chini ya meza, betri imekufa, haiwaki mpaka uushikilie waya. Wiki iliyopita niliushikilia dakika ishirini nikitafuta ankara moja ya 2022, msaidizi wangu akibonyeza.