Jinsi ya kupinga ongezeko la ada za leseni za uwindaji na uvuvi Marekani

Anza kwa kujua nani ana kura. Katika majimbo mengine ada hupandishwa na bunge la jimbo kwa mswada. Kwingine ni tume ya wanyamapori, kwa kanuni. Mkikosea hapa, barua zenu zote zitamfikia mtu asiyeweza kubadilisha lolote.

Kisha ombeni hesabu za idara ya wanyamapori ya jimbo: mapato ya leseni, matumizi, akiba. Someni kwa makini, maana hapa ndipo wengi huanguka. Kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, inayogawia majimbo kodi ya silaha na risasi kwa ajili ya wanyamapori, miradi mingi hulipiwa asilimia 75 na serikali kuu na 25 na jimbo, na ada za leseni ndizo huziba sehemu kubwa ya hiyo 25. Ukidai ada ifutwe bila mbadala, utajibiwa kwamba kila dola ya jimbo inayokosekana huweza kupoteza nyingine 3 za serikali kuu.

Hoja yenye nguvu ni idadi ya wanunuzi. Nusu ya mgawo wa fedha hizo za serikali kuu kwa uwindaji hufuata idadi ya wenye leseni, na kwa uvuvi, wenye sheria yake, ni asilimia 60. Bei ikiwafukuza watu, mgawo wa jimbo hupungua pia. Ulizeni: ongezeko lililopita liliondoa wanunuzi wangapi?

Pendekezeni mbadala: nyongeza kwa awamu, au nafuu kwa vijana na wazee.

Kila mtu aandike kwa maneno yake. Barua zinazofanana huweza kupewa uzito mdogo. Kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya umma, muda wa kila msemaji mara nyingi ni dakika 3 tu, kwa hiyo gawaneni hoja mapema.