OASIS-2: gawa watu, usigawe picha

OASIS-2 ni data huria ya utafiti wa dimensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kutoka Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani. Ina wazee 150 wa miaka 60 hadi 96, kila mmoja akiwa amepigwa MRI (picha za ubongo) mara mbili au zaidi, kwa kuachana mwaka mmoja au zaidi. Jedwali lina mistari 373, na hizo ni ziara, si watu. Matokeo mengi mabovu huanzia hapo.

Soma na ukubali masharti ya matumizi, kisha pakua jedwali kwanza. Picha ni nzito na zinaweza kungoja. Kila mstari una Subject ID (OAS2_0001) na MRI ID (OAS2_0001_MR1). Hesabu Subject ID tofauti, kila moja mara moja tu: zisipofika 150, faili imeharibika au umeifungua vibaya.

Sasa gawa data: sehemu ya mafunzo ya modeli (programu inayojifunza kutambua dimensia) na sehemu ya majaribio. Ukichanganya mistari ovyo, ziara ya kwanza ya mzee itaangukia kwenye mafunzo na ya pili kwenye majaribio. Ukubwa wa fuvu lake (eTIV) haubadiliki kwa mwaka mmoja, kwa hiyo modeli itamkariri mtu badala ya kujifunza ugonjwa. Usahihi utapaa, kisha utaporomoka akija mzee mgeni. Kwenye Python tumia GroupKFold ya maktaba ya scikit-learn, ukiipa Subject ID kama groups, ili ziara zote za mtu zikae upande mmoja.

Safu ya Group nayo ina mtego. Watu 72 hawakuwa na dimensia muda wote, 64 walikuwa nayo tangu ziara ya kwanza, na 14 ni Converted: walianza wazima, wakaugua baadaye. Ziara yao ya kwanza ina CDR (alama ya ukali wa dimensia) 0, ila Group tayari inatangaza yajayo. Jibu la modeli liwe CDR ya ziara ileile: 0 hana dimensia, 0.5 na kuendelea anayo. Kisha ondoa Group na CDR kwenye viashiria, yaani safu ambazo modeli hutumia kubashiri. Hand pia haina kazi, wote hutumia mkono wa kulia. Kati ya eTIV na ASF (kizidisho cha kulinganisha kichwa na kielelezo) bakiza moja, maana moja hukokotolewa kutoka kwa nyingine.

SES (hali ya kiuchumi na kijamii) na MMSE (jaribio la kumbukumbu na kufikiri) zina nafasi tupu. Usijaze sifuri kamwe: MMSE 0 kati ya 30 ni mgonjwa aliyezidiwa kabisa. Jaza kwa namba ya katikati (median), iliyopatikana kwenye kundi la mafunzo pekee, baada ya kugawa.

Modeli ikikamilika, usiihamishie moja kwa moja kwa wazee wasiosoma. MMSE humtaka mtu asome na kuandika. Ndiyo sababu watafiti wilayani Hai, Tanzania, walitengeneza kipimo cha dimensia kiitwacho IDEA, kisichodai kisomo.