Kuchagua lehemu ya mabomba ya shaba ya maji

Kabla ya kununua lehemu, yaani metali inayoyeyushwa kuunganisha mabomba, soma mchanganyiko ulioandikwa kwenye koili ya waya wake. Bomba likipitisha maji ya kunywa, lehemu isiwe na madini ya risasi hata kidogo. Ile ya 50/50, nusu bati nusu risasi, huyeyuka kirahisi na mafundi wa zamani waliipenda kwa hilo, lakini risasi huingia polepole kwenye maji. Marekani iliipiga marufuku kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Lehemu ya 60/40 ya vifaa vya elektroniki nayo haifai: ina risasi, na utomvu uliomo ndani ya waya wake hausafishi shaba ya bomba vya kutosha.

Zinazobaki ni za bati. Ya bati 97 na shaba 3 huanza kuyeyuka nyuzi 227 za Selsiasi, ila haiwi maji kabisa mpaka karibu na 300. Katikati hapo ni kama uji mzito, kwa hiyo huziba vizuri fitingi (kipande cha kuungia mabomba) iliyolegea kidogo. Ya bati 95 na antimoni 5 huyeyuka kati ya 232 na 240, hupenya haraka na kuganda haraka; ni nzuri pale fitingi inapobana. Kwa mabomba ya nyumbani ya milimita 15 na 22, ya kwanza inatosha.

Nunua pia flaksi ya kupaka ya mabomba, dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike, ikiwezekana inayooshwa kwa maji, kwa sababu mabaki yake hula shaba.

Sugua ncha ya bomba na ndani ya fitingi kwa msasa laini mpaka zing'ae, paka flaksi kidogo, unganisha. Pasha fitingi, si lehemu. Gusisha waya wa lehemu upande wa pili, usioguswa na moto: ukiyeyuka kwa joto la shaba yenyewe, ondoa moto na uendelee kuusukuma kwenye kiungo. Kwa waya wa milimita 3, urefu unaokaribia kipenyo cha bomba unatosha. Ziada huishia ndani na kuzuia maji.

Lehemu ikijikunja vitone badala ya kutambaa, shaba ni chafu au flaksi imeungua ikawa nyeusi. Usiongeze moto, tenganisha, safisha, anza upya. Joto likigoma kupanda, kuna maji ndani ya bomba: hata tone dogo hulishikilia karibu na nyuzi 100. Kiungo kikitikiswa kabla ya kuganda hupata nyufa zisizoonekana, na huvuja presha ikipanda.