Mfalme Mgeni Aliyenigharimu Pauni 50 Zaidi

Mtihani wa Maisha ya Uingereza, ule wanaoufanya wageni wanaoomba uraia huku, nilifeli mara ya kwanza, na wa kulaumiwa ni mimi pamoja na mfalme mmoja Mjerumani. Nilifungua kitabu cha kujisomea mtihani nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, nikaiona aibu yangu imechapishwa pale: nilikuwa nimemjibu William mahali pa George.

Ya kawaida ni machache. Maswali 24, dakika 45, upate 18. Unalipa pauni 50 mtandaoni na unakwenda na kitambulisho kilekile ulichojisajilia. Ukifeli, subiri siku 7, ulipe tena.

Sasa wafalme, na hapa usisome ukikimbia. William wa Orange, mzaliwa wa The Hague, Uholanzi, alikuja na jeshi mwaka 1688 akamng'oa Mfalme James II, baba mkwe wake. George I hakuja na jeshi, aliletwa na sheria. Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1660. Sheria ya 1701 iliwafungia Wakatoliki kiti cha enzi na kumtaja mama yake, Sophia, kuwa mrithi. Bibi huyo akafariki Juni 1714, wiki chache tu kabla ya Malkia Anne aliyekuwa kwenye kiti. Basi Wakatoliki zaidi ya 50 waliokuwa karibu zaidi na Anne kwa damu wakarukwa, zamu ikamwangukia George, mtu mzima wa miaka 54.

Narudia: William 1688, jeshi. George 1714, sheria. Na mtego haujaisha, maana George II naye kazaliwa Hanover. Robert Walpole, anayehesabiwa waziri mkuu wa kwanza, alianza 1721, zama za baba, si za mwana. Kiingereza cha baba kilikuwa cha kubabaisha, na mwanzoni alisema na mawaziri kwa Kifaransa. Ndiyo maana kitabu kinasema aliwategemea sana. Baba, si mwana. Wala si William!

Hapo nina langu la kusema. Mimi nimedaiwa cheti cha Kiingereza. Tukiomba uraia tunahesabiwa siku tulizolala nje ya nchi, zisizidi 450 ndani ya miaka 5. Mfalme yule alirudi kwao Hanover mara 5 akiwa na taji kichwani, safari ya 6 akafia Osnabrück, mwaka 1727, akazikwa hukohuko kwao. Tena sheria ileile ya 1701 iliyomkaribisha yeye iliwazuia wageni wengine kuingia bungeni, hata waliokwisha kupewa uraia. Nilimuuliza mwenzangu kazini, Mwingereza mzaliwa wa Leeds, George I alitokea wapi. Akafikiri kidogo, akasema Windsor. Yeye hakuna atakayemtahini.

Nanyi wa nyumbani, mtuhurumie. Mjomba alinipigia kutoka Mombasa: "Kwani huna mtu pale ndani wa kukusaidia?" Mjomba wangu, mtu wa ndani ni kompyuta, na haipokei chai. Dada naye akasema maswali ya kuchagua hata mtoto hupita. Haya dada, William au George?

Mara ya pili nilipita. Karatasi niliyobandika kwenye friji, "88 jeshi, 1714 sheria", mke wangu hataki niibandue. Wake ni mwezi ujao.