Agano kwanza, habari baadaye: namna ya kusoma Torati na Manabii dunia ikiwa inawaka moto

Vita ikianza tu Mashariki ya Kati haipiti siku mbili simu imejaa klipu, mtu kafungua Ezekieli 38 (pale Gogu wa nchi ya Magogu anapokuja kuivamia Israeli) anakwambia ndo hii sasa inatimia, mwingine anakuletea Zekaria 14, mwingine kachukua Mwanzo 12:3 (nitawabariki wakubarikio) anakuchagulia timu ya kushabikia kama vile ni mechi. Wewe unayependa Maandiko na unataka kweli kuelewa mkono wa Mungu uko wapi kwenye haya mambo unabaki hujui ushike lipi. Mi nakupa njia ninayoitumia, sio ufunuo wala siri, ni mpangilio tu wa kusoma na msingi wake ni mmoja: agano linatangulia, habari inafuata. Ukigeuza, ukaanza na kichwa cha habari ndo ukatafute mstari, mstari utaupata tu, Biblia ni kubwa haikosi.

Kwa hiyo weka simu mbali halafu soma maagano yenyewe kabla hujagusa unabii wowote. Sio mengi. Mwanzo 9 ni agano na Nuhu, na angalia vizuri limefanywa na kila chenye uhai duniani, sio na taifa moja. Mwanzo 12, 15 na 17 ni Abrahamu. Kutoka 19 mpaka 24 ni Sinai. 2 Samweli 7 ni Daudi na ufalme wake. Yeremia 31:31-34 ni agano jipya, ambalo Yeremia anasema litafanywa na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Kila ukisoma moja jiulize nani anaahidi, anamuahidi nani, na je kuna sharti. Andika majibu kwenye daftari, usiamini kichwa chako.

Hilo swali la sharti ndo watu wengi wanaliruka na ndo linaloamua karibu kila kitu. Linganisha Mwanzo 15 na Kutoka 24 utaona. Kwenye Mwanzo 15 wanyama wamepasuliwa katikati, vipande vimepangwa huku na huku, na desturi ya zamani ilikua wanaofanya agano wanapita katikati ya vile vipande, maana yake nikivunja na mimi nifanywe hivi (Yeremia 34:18 anaielezea hiyo hiyo). Sasa nani alipita? Abramu kalala usingizi mzito, kilichopita ni tanuru la moshi na mwenge wa moto. Yaani Mungu kajifunga peke yake. Nenda sasa Sinai: Musa anasoma kitabu cha agano, watu wanajibu yote aliyoyasema Bwana tutayatenda, ndo damu inanyunyizwa juu yao. Hapo pande zote mbili zimejifunga, na Kumbukumbu la Torati 28 inaorodhesha baraka wakitii na laana wasipotii, na laana zimechukua nafasi ndefu kuliko baraka, hesabu mwenyewe mistari.

Kwa hiyo mtu akikwambia ahadi ya nchi haina masharti kabisa au akikwambia imefutwa kabisa, wote wawili wamesoma nusu. Mambo ya Walawi 25:23 Mungu anasema nchi ni yangu, nyie ni wageni na wapitaji kwangu. Walawi 18:28 inasema nchi yenyewe inaweza kuwatapika. Afu Kumbukumbu 30 inasema hata wakitawanywa mpaka mwisho wa mbingu atawarudisha wakimrudia. Ahadi ipo, hukumu ipo, kurudi kupo, vyote ndani ya agano moja, na ukitoa kimoja vingine vinapinda.

Ukimaliza maagano soma Zaburi 89, tena yote usiishie katikati. Nusu ya kwanza inasifia agano la Daudi kwamba halitavunjika milele, halafu ghafla inageuka, mwandishi anamwambia Mungu usoni kwamba wewe umelitupa, taji umelibwaga chini. Napenda sana kwamba hiyo zaburi haikuondolewa. Inakufundisha mapema kwamba mtu wa agano anaruhusiwa kusema hali halisi haifanani na ahadi, na hiyo sio kukosa imani. Habakuki naye ni hivyo hivyo, analalamika kuhusu dhuluma, anajibiwa kwamba Wakaldayo (yaani Wababeli) wanakuja, na jibu linamkasirisha kuliko swali.

Sasa hapo ndo unaweza kurudi kwenye habari, ila usianze na Ezekieli 38. Anza na Amosi 1 na 2. Kwa maoni yangu hizi sura mbili zina msaada kwa msomaji wa habari za kimataifa kuliko sura zote za Gogu ukiziunganisha. Amosi anazunguka mataifa moja moja na kila moja anataja kosa. Dameski kwa walivyowapura watu wa Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza kwa kuchukua watu wote mateka na kuwauza Edomu. Waamoni kwa kuwapasua wanawake wajawazito ili wapanue mipaka yao. Moabu kwa kuchoma mifupa ya mfalme wa Edomu, na hapa tulia kidogo, mfalme wa Edomu hakua Mwisraeli, kosa halikuwagusa Israeli hata kidogo lakini Mungu kaliandika. Hakuna taifa la nje hapo linalolaumiwa kwa kutokua na Torati, wanalaumiwa kwa mambo ambayo sisi leo tungeyaita uhalifu wa kivita.

Na wasikilizaji wa Amosi bila shaka walikua wanaitikia amina kila adui akitajwa, mpaka zamu ikafika Yuda, halafu Israeli wenyewe: mmeuza mwenye haki kwa fedha na maskini kwa jozi ya viatu. Sura ya 3 mstari wa 2 anamalizia kabisa, kwamba nimewajua ninyi tu katika jamaa zote za dunia, kwa sababu hiyo nitawapatiliza, yaani nitawaadhibu. Kuchaguliwa kumeongeza hesabu, hakukupunguza. Kwa hiyo ukisoma habari leo, swali la kwanza la kuuliza ni hili la Amosi: nani kafanyiwa nini, mateka ni nani, mjamzito aliyeuawa ni nani, nani anapanua mpaka. Uliza kwa pande zote kwa kipimo hicho hicho. Ukiona kipimo chako kinabadilika kulingana na nani kafanya, hapo sio Amosi tena anayeongea, ni siasa yako.

Ndo ufike kwenye unabii wenye majina na nyakati. Hapa kanuni ni kutafuta kwanza nabii aliongea na nani na lini, maana manabii walikua na habari zao za dunia pia. Samaria ilianguka kwa Waashuru 722 KK, Yerusalemu kwa Wababeli 586 KK, Babeli ikaangukia kwa Waajemi 539 KK. Hizo tarehe tatu ziandike ukurasa wa mwanzo wa daftari, zitakusaidia kila siku. Ukijua hizo unaweza kusoma Isaya 45 ukashtuka inavyotakiwa: Koreshi mfalme wa Uajemi, mtu asiyemjua Mungu wa Israeli, anaitwa mpakwa mafuta wake. Na cha ajabu, kuna silinda ya udongo ya Koreshi iliyochimbuliwa Babeli 1879, iko British Museum kule London, na humo ushindi ule ule wa Babeli unatajwa kua kazi ya Marduki mungu wa Babeli. Tukio moja, tafsiri mbili. Ushindi wenyewe haukuja na maelezo pembeni. Aliyekua na agano mkononi alilisoma tukio kwa namna yake na ofisi ya mfalme ikalisoma kwa namna yake, kwa hiyo usitegemee habari ya leo ijieleze yenyewe.

Afu kuna huu mtihani wa Kumbukumbu 18:22, nabii akisema neno kwa jina la Bwana na lisitimie, huyo kasema kwa kujikinai, usimwogope. Utumie. Yeremia 28 ina mfano mzuri, Hanania anatangaza mbele ya watu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vinarudi kutoka Babeli, habari tamu, kila mtu alitaka kuisikia. Yeremia anaandikia mateka kwamba ni miaka 70, jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto. Hanania alikufa mwaka ule ule. Wale wa leo wanaotoa tarehe wape heshima hiyo hiyo: andika walichosema na siku waliyosema, rudi baadaye uangalie. Hutahitaji kubishana na mtu.

Na historia imeshatufanyia sehemu ya hiyo kazi. Magogu: Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, alisema ni Waskithi. Ambrose askofu wa Milan, karne ya nne, akasema ni Wagothi waliokua wanaisumbua Roma wakati wake. Martin Luther, yule wa Matengenezo ya kanisa karne ya 16, akaona ni Waturuki. Karne ya 20 wengi wakasema Umoja wa Kisovieti, nao ukavunjika 1991. Unaona mchezo? Kila kizazi Gogu ni yule adui anayetisha mwaka huo. Na wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani walichukua zile siku 2300 za Danieli 8:14 wakapiga hesabu kwamba Yesu anarudi 22 Oktoba 1844, siku ikapita kama siku nyingine. Sisemi Ezekieli 38 haina kazi, nasema iache imalizike, soma mpaka sura ya 39 uone mkazo wake uko wapi: mataifa watajua kwamba mimi ndimi Bwana. Jina la nchi ya leo halimo.

Kuhusu 1948 najua utauliza. Umoja wa Mataifa walipiga kura ya kugawa Palestina tarehe 29 Novemba 1947, na tarehe 14 Mei 1948 taifa la Israeli likatangazwa, na kwa Wapalestina mwaka huo ni Nakba, yaani maafa, mamia ya maelfu walipoteza makwao. Kuna wanaoona hapo Isaya 66:8, taifa limezaliwa siku moja. Lakini usidhani hata Wayahudi wenyewe wamekubaliana. Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefariki 1935, aliona kurudi kwa watu kwenye nchi kama mwanzo wa ukombozi. Rabi Joel Teitelbaum, kiongozi wa kundi la Wayahudi wa Hasidi linaloitwa Satmar, aliona kuunda dola kabla ya Masihi ni uasi, na wote walikua wanasoma Torati hiyo hiyo usiku na mchana. Kama wao wanatofautiana hivyo, mtu anayekuambia mambo yako wazi kabisa ndani ya video ya dakika tatu mwangalie tu.

Kitu kingine kitakachokusaidia kuliko unavyofikiri ni kuacha kuchagua mistari mwenyewe. Kwenye masinagogi Torati imegawanywa mafungu 54 yanayosomwa kwa mwaka, kila Sabato na fungu lake, pamoja na kipande cha Manabii kinachoendana nalo. Ratiba inapatikana intaneti bure. Ukiifuata, andiko linakukuta ulipo badala ya wewe kulifukuza. Shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 liliangukia siku ya Simhat Tora kule Israeli, siku wanayomaliza kusoma Torati na kuanza upya, kwa hiyo Sabato iliyofuata, wafu wa Israeli bado wanazikwa na mabomu yanaanguka Gaza, fungu lilikua Mwanzo 1 mpaka 6, ndani yake Kaini na Habili na damu ya ndugu inayolia kutoka ardhini. Wiki iliyofuata ikawa Nuhu, dunia imejaa dhuluma mbele za Mungu. Hakuna aliyeyachagua. Mi sijui mhubiri gani angethubutu kupanga hivyo.

Ukishasoma, omba, na hapa kua mahususi. Zaburi 122 inasema iombeeni Yerusalemu amani, sawa, iombee, na waliomo Yerusalemu ni Wayahudi na Waarabu, Waislamu na Wakristo. Yeremia 29:7 anawaambia mateka wauombee amani mji wa Babeli, mji wa adui aliyewateka. Mwanzo 17:20 Mungu anasema amemsikia Abrahamu kuhusu Ishmaeli, atambariki, atazaa maseyidi (wakuu) kumi na wawili, halafu Mwanzo 25:9 Isaka na Ishmaeli wanamzika baba yao pamoja. Na Isaya 19 mwishoni, njia kuu kutoka Misri mpaka Ashuru, Misri watu wangu, Ashuru kazi ya mikono yangu, Israeli urithi wangu, mataifa yaliyokua yanatwangana karne kwa karne yamewekwa kwenye sentensi moja. Ni mara ngapi umeona klipu ya Isaya 19:25?

Basi klipu nyingine ikija, kabla hujafowadi fungua sura nzima uliyotajiwa, angalia nabii alikua anaongea na nani, tafuta agano gani liko nyuma yake na sharti lake, halafu pitisha tukio kwenye Amosi 1 na 2. Ikishindwa popote, ifute, na aliyekutumia mwombe sura na mstari, kwa adabu tu, na umwambie asome mpaka mwisho wa sura.