Mate yamekauka baada ya mionzi? Pima kwanza, ndipo usikilize habari za seli shina

Mimi ni dalali wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, na kazi ya udalali ni mdomo. Nilipigwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, kwa saratani iliyoota nyuma ya pua. Niliporudi mnadani, fungu la kwanza tu la vibua, ulimi ulinata kwenye kaakaa kabla sijamaliza kutaja bei. Mnunuzi akadhani nasita, akashusha dau.

Mwaka uliofuata mtu alinipigia simu. Kuna hospitali nje ya nchi, akasema, wanadunga seli shina, tezi za mate zinaota upya, dola 8,000. Nina hisa kwenye boti ya uvuvi, na wiki ile nilikwisha kupata mteja wa kuinunua. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyohitaji kuambiwa wiki ile.

Anza kwa kupima mate. Asubuhi, kwa saa nzima usile, usinywe, usipige mswaki. Kaa kitini, meza yote yaliyomo mdomoni, kisha inamisha kichwa uyaache yadondoke yenyewe kwenye kikombe kidogo kwa dakika 5. Usiyavute kwa ulimi wala usiteme kwa nguvu. Subiri povu litulie, uyanyonye kwa bomba la sindano la mililita 2 (bila sindano yenyewe), usome mstari, ugawanye kwa 5. Ukipata chini ya mililita 0.1 kwa dakika, huo ni ukavu wa kweli, nenda nao kwa daktari. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa 0.3 kwa dakika zote 5, yaani 0.06 kwa dakika. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe, urudie kila mwezi saa ileile.

Sasa jua kilichoungua. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya, na chini ya ulimi. Mimi huzifikiria kama migomba. Ukikata mgomba, shina likiwa zima ardhini, machipukizi yatatoka. Ndani ya tezi, kwenye vijia vinavyopitisha mate, zimo seli zinazofanya kazi ya hilo shina, ndizo huitwa seli shina. Mionzi mikali huunguza seli zinazotoa mate, na ikizidi huunguza na shina lenyewe. Ndiyo maana kama bado hujaanza matibabu, muulize daktari wa mionzi: "Tezi zangu za mbele ya masikio zitapata kiasi gani, na je, mnaweza kuikwepa hata moja?" Swali hilo lina thamani kubwa kuliko sindano yoyote ya baadaye. Mimi sikuliuliza.

Na hizo seli shina? Si uongo. Groningen, Uholanzi, mwaka 2008 watafiti walichukua seli za tezi za panya, wakazikuza maabara, wakazidunga kwenye tezi za panya waliopigwa mionzi, na mate yakarudi. Copenhagen, Denmark, mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wagonjwa 30: baadhi walidungwa seli zilizotoka kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, ndani ya tezi za chini ya taya, wengine wakadungwa sindano isiyo na seli. Baada ya miezi minne waliopata seli mate yao yaliongezeka kwa nusu. Chukua daftari lako upige hesabu hiyo. 0.3 yangu ingekuwa 0.45. Ningefurahi, wallahi, lakini ugali mkavu usingeshuka. Na hao walikuwa watu 30 tu.

Kwa hiyo anayekuuzia muulize seli zinatoka wapi na zinadungwa tezi ipi. Wangu alijibu "kwenye mshipa wa mkono, zitajua pa kwenda." Muulize nani alipima mate ya wagonjwa wake kabla na baada. Muulize namba ya usajili wa utafiti. Zile za orodha ya Marekani ya tafiti, ClinicalTrials.gov, huanza na NCT zikifuatiwa na tarakimu 8, na unaweza kuitafuta mtandaoni wewe mwenyewe. Hapa Tanzania utafiti wa tiba kwa binadamu unapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Akikutaka ulipie kudungwa kitu ambacho bado kinajaribiwa, kata simu. Mimi nilikata, na boti bado ina hisa yangu.

Wakati huohuo linda meno, kwa sababu bila mate yanaoza upesi mno. Dawa ya meno iwe na floraidi, asubuhi na usiku. Sukutua mara kwa mara kwa kikombe cha maji ya uvuguvugu, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea na nusu ya kipimo hicho cha chumvi. Soda ya mandazi, si magadi ya maharage. Ukwaju unachochea mate kweli, ila unamomonyoa meno. Bora bigijii isiyo na sukari. Chakula kiwe na mlenda, bamia, mtori, mchuzi mwingi. Vidonge vya pilokapini husaidia kama tezi haijafa yote, lakini mwambie daktari kama una pumu au presha ya macho.

Na hili nakuomba ulishike: usikubali kung'olewa jino bila kumwambia daktari wa meno kwamba taya lako lilipigwa mionzi. Mfupa uliopigwa mionzi unaweza kushindwa kupona. Aliyening'oa mimi hakuuliza, nami sikujua kama ni la kusema. Kidonda kilikaa wazi miezi mitano.

Juzi kipimo kimesoma 0.4 kwa dakika zote 5. Chupa ya maji naifunga kiunoni, na bei naziita fupifupi.