SOMO: Majengo ya kadi kwa reli ndogo, na dawa ya ukuta kupinda

Wakuu,

Swali la "mbona ukuta wangu umepinda?" nimelijibu mara sita tangu mwezi uanze, mara mbili kati ya hizo kwa mtu yuleyule. Leo naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hatua ya 5, sitaongeza neno.

Somo linahusu seti za kadi za kujengea majengo ya reli ndogo, yaani treni za mfano za mezani, za aina zote mbili: zile zinazokuja zimeshakatwa kiwandani, kama za Metcalfe, na zile unazonunua faili ukaprinti mwenyewe, kama za Scalescenes. Mwenye seti iliyokatwa tayari anaweza kuruka hatua ya 3 hadi ya 5, ila ajue kwamba ya 5 itamsubiri siku atakapotaka kubadilisha ukuta. Jengo ninalotolea mfano ni stoo ya mizigo ya matofali, skeli ya OO, yaani 1:76, kila kitu kidogo mara 76 kuliko halisi.

1. Vifaa. Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, mkeka wa kukatia, skwea ndogo, gundi. Wembe ukianza kuacha vinyuzi kwenye ukingo wa kadi, tupa. Wembe butu haukati, unachana.

2. Soma maelekezo yote kabla ya kukata chochote. Yote.

3. Printi kwa asilimia 100. Printa nyingi zikiachiwa zinapunguza ukurasa kidogo ili utoshee ndani ya kingo. Zima hicho kipengele, kisha chukua rula upime. Kwenye OO, tofali moja pamoja na saruji yake lina urefu wa karibu milimita 3, na mlango wa kawaida una kimo cha milimita 26. Ukipata 25, printa imekuchezea.

4. Linda wino. Wino wa printa ya wino wa maji huchuja ukiguswa na gundi au kidole chenye jasho. Puliza vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi, uache zikauke kabisa. Printa ya leza haina shida hiyo, lakini wino wake wa unga hupasuka kwenye mkunjo ukaacha mstari mweupe. Kwenye kona uzibe kwa penseli ya rangi.

5. Kubandika karatasi ya matofali kwenye kadi ngumu. Hapa ndipo mnapoharibu wote, na mimi niliharibu kabla yenu. Stesheni yangu ya kwanza ilikuwa na ukuta wa mbele wa sentimita 30. Nikachukua gundi ya mbao, ile nyeupe, nikaipaka kwa brashi kama mtu anayepaka chokaa nyumba nzima. Nikalaza karatasi, nikailainisha kwa kiganja, ikakaa vizuri mno. Nikauacha ukuta wazi juu ya meza, nikalala. Asubuhi ncha zote mbili zilikuwa zimenyanyuka, ukiuweka mezani unabembea kama mtumbwi. Badala ya kuutupa, nikaulazimisha: nikaupaka gundi chini, nikaubana kwenye msingi kwa vibanio vya nguo. Ukatulia siku mbili. Siku ya tatu ukabandua msingi wenyewe, na kona ya kushoto ikaachia hadi paani.

Sababu yenyewe ni hii. Nyuzi za karatasi zikinywa maji zinanenepa, na karatasi inatanuka. Gundi inaishika ikiwa imetanuka hivyohivyo. Maji yakishatoka, karatasi inataka kurudi kwenye kipimo chake, na kwa kuwa imeshikamana na kadi, inaivuta kadi iende nayo. Upande wa pili hakuna kinachovuta. Basi ukuta unajikunja kuelekea upande wenye picha.

Kwa hiyo:

Punguza maji. Tumia gundi ya kijiti, ile inayozungushwa kutoka kama lipstiki, au gundi ya kupuliza. Gundi ya mbao iache kwa viungo vya kadi kwa kadi.

Bandika karatasi tupu upande wa nyuma, uzito uleule, siku hiyohiyo, kwa gundi ileile. Pande mbili zikivutana, ukuta unabaki katikati. Hata nyuzi zielekee upande mmoja: pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Inakopindika bila ubishi, mkunjo unafuata mwelekeo wa nyuzi. Weka alama ya penseli kabla hujasahau.

Kandamiza usiku kucha. Karatasi ya nailoni juu na chini, kisha vitabu vizito. Saa moja haitoshi, hata kama kwa kidole unaona pamekauka.

Weka mihimili ndani. Kata vipande vya kadi ya milimita 2, upana wa sentimita 1 hivi, uvisimamishe kwa ukingo wake nyuma ya ukuta. Kadi iliyolala inapindika, iliyosimama haipindiki. Mimi naweka mmoja kila baada ya sentimita 6.

ONYO: usikaushe juani wala kwa kikausha nywele. ONYO la pili: usikate madirisha kabla ukuta haujakauka. Ukuta wenye matundu unapinda vibaya zaidi na haukandamiziki sawasawa.

6. Kata madirisha. Anzia kwenye kona uje katikati, mipito minne myepesi badala ya mmoja wa nguvu.

7. Paka rangi kingo zote zilizokatwa, kabla ya kuunganisha. Weupe wa kadi ndio unaomwambia mtazamaji "hili boksi". Penseli ya rangi inatosha. Tumia rangi ya tofali, siyo nyeusi.

8. Vioo. Plastiki angavu, gundi nukta chache kwenye fremu. Usitumie supaglu: mvuke wake huganda kwenye plastiki ukaacha ukungu mweupe usiofutika.

9. Simamisha. Kona moja kwanza, na skwea ndani yake. Kona hiyo ikiwa sawa, nyingine tatu zitafuata.

10. Paa. Vigae vya vipande bandika kuanzia chini kwenda juu, kila safu ipande kidogo juu ya iliyotangulia. Ndivyo maji ya mvua yanavyotaka.

11. Lifanye liwe lako. Seti hiyohiyo ipo mezani kwa watu wengi, na ukiacha kama ilivyo kila mtu ataitambua. Cha kwanza ninachofanya ni kurudisha madirisha nyuma: naongeza kadi ya milimita 1 nyuma ya ukuta, fremu inakaa ndani badala ya kulingana na uso wa tofali, na jua la mezani linaanza kuacha kivuli. Halafu gata na bomba la maji ya mvua, kutoka kwenye waya au kijiti. Halafu uchafu: saga chaki ya rangi kwenye msasa, chovya brashi kavu, pitisha chini ya gata, kwenye kizingiti, na juu ya mlango ambako moshi wa injini ungepita. Kiasi kidogo. Ukiona "imependeza", ulipaswa kuwa umeacha dakika tano zilizopita.

Ukiwa na seti mbili za stoo, ziunganishe kwa urefu. Ukiwa na moja na nafasi finyu, kata jengo katikati, uso wake mmoja usimame mbele ya picha ya nyuma. Kwa seti moja unapata nyuso mbili za mtaa.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

Behewa_la_Nyuma: Asante mkuu kwa somo. Mimi ukuta wangu umepinda, nifanyeje?

KadiNgumu: Hatua ya 5.

Behewa_la_Nyuma: Nimesoma, ila wangu nilikandamiza usiku kucha na bado umepinda.

KadiNgumu: Nyuma ulibandika karatasi?

Behewa_la_Nyuma: Hapana, sikuona umuhimu, nyuma hapaonekani.

KadiNgumu: Jibu umeshalitoa mwenyewe. Vitabu vinashikilia ukuta wakati unakauka, haviondoi mvuto. Ukivitoa, karatasi inaendelea na kazi yake. Wako bado unaokoka kama hujaunganisha: pitisha sponji yenye unyevu kidogo nyuma, bandika karatasi tupu, nailoni, vitabu, usiku mmoja tena. Ukibaki umepinda kidogo, mihimili itaumaliza.

Mwanagenzi: Shikamoo mwalimu. Nina seti ya kuprinti ya OO lakini reli yangu ni N ya 1:148. Nimepiga hesabu nikapata asilimia 51.5. Nikiprinti hivyo, kuna kitu kitaharibika?

KadiNgumu: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Karatasi itapungua, kadi haitapungua. Mchoro wa OO unaposema "kadi ya milimita 2", ukiushusha unategemea kadi ya milimita 1. Ukitumia ileile ya 2, ukuta mfupi unaoingia kati ya kuta mbili ndefu utakuwa mpana kupita nafasi yake kwa karibu milimita 2, yaani milimita moja kila upande, na utakesha unatafuta kosa lilipo. Basi kila unene ugawe kwa mbili: ya 2 iwe ya 1, ya 1 iwe ya nusu milimita. Vijisehemu kama reli za ngazi usikate kabisa, vitakatika mkononi. Tumia uzi uliokaushwa kwa gundi.

Mwanagenzi: Na kwenda skeli ya HO?

KadiNgumu: OO ni milimita 4 kwa futi, HO ni 3.5. Asilimia 87.5. Hapo tofauti ya kadi ni robo milimita tu, kata kwa jicho. Majengo ya nyuma kabisa wala usihangaike: la OO likikaa mbele na la HO nyuma yake, jicho linadhani la nyuma liko mbali.

Kichwa_cha_Mvuke: Hilo la supaglu umelikuza. Natumia kwenye vioo miaka yote, sijaona ukungu hata siku moja.

KadiNgumu: Unafunga paa lini?

Kichwa_cha_Mvuke: Kesho yake au siku mbili baadaye. Kwani?

KadiNgumu: Kwa hiyo mvuke wako unapata pa kutokea. Funga paa siku hiyohiyo kwenye stoo yenye madirisha 14 kisha uje tuzungumze. Sikuandika kwamba haiwezekani, nimeandika usitumie, kwa sababu mwenye haraka ndiye anayefunga paa mapema.

Kichwa_cha_Mvuke: Sawa, hapo nimekuelewa. Ila ungeandika hivyo tangu mwanzo.

KadiNgumu: Nimeandika sasa.

Mpuliza_Filimbi: Mkuu gundi gani nzuri?

KadiNgumu: Ya kufanyia nini? Karatasi kwa kadi, kadi kwa kadi, au plastiki? Zote tatu zimo juu.

Reli_Mbili: Nimeweka taa ya LED ndani ya nyumba ya mpiga ishara, usiku kuta zote zinawaka kama taa ya karatasi. Nimepaka rangi nyeusi ndani, ukuta ukaanza kupinda, nikakumbuka hatua ya 5 nikaacha. Kuna njia nyingine?

KadiNgumu: Umeacha kwa wakati. Rangi ya maji ni maji vilevile. Tumia karatasi ya foili, upande wa ndani, kwa gundi ya kijiti. Haipitishi mwanga kabisa. Ukiogopa mng'ao wake, bandika juu yake karatasi ya rangi hafifu, mwanga utatoka madirishani ukiwa umetulia. Ila fanya kabla ya kuunganisha kuta, na foili isiguse waya zisizo na gamba, maana inapitisha umeme.

Reli_Mbili: Nimejaribu, kuta zimetulia. Sasa mwanga unatoka kwenye kona tu, mstari mwembamba kama uzi.

Mwanagenzi: Samahani kuingilia. Mimi kwenye kona huwa naweka kijiti cha kadi cha pembe mraba kwa ndani, urefu wote wa kona. Kinashikilia na kuziba kwa pamoja. Kabla ya kufunga paa nazima taa ya chumbani, naingiza tochi ya simu ndani ya jengo, nazunguka nikitia alama ya penseli kila panapovuja.

KadiNgumu: Hilo la tochi sikuwahi kulifanya. Nimetoka kuijaribu sasa hivi kwenye stoo ya mfano, ile niliyoipiga picha kwa ajili ya somo. Inavuja sehemu tatu, mbili ziko chini ya gata.